Kelele za Gari la Mizigo la Umeme na Hesabu ya Kuzipunguza

Gari liendalo kwa umeme lasifiwa kwa ukimya wake, na sifa hiyo ni ya kweli kwa upande mmoja. Mtu asimamaye kando ya njia husikia kwamba injini haipo, naye hufurahi. Lakini dereva aliyeketi ndani, hasa dereva wa gari la mizigo lenye bodi ya bati, husikia mambo ambayo zamani hakuyasikia. Husikia mlio mwembamba wa mota, mngurumo wa matairi, mvumo wa sanduku tupu lililo nyuma ya mgongo wake, na milango ikigongagonga katika bawaba zake. Nyingi za kelele hizo zilikuwako tangu awali. Injini ndiyo iliyozifunika.

Jambo hili si geni. Nchini Uingereza, tangu miaka ya 1930, wauza maziwa walitumia magari ya betri kupeleka maziwa majumbani alfajiri, na katikati ya karne ya 20 magari hayo yalikuwa maelfu. Yalipendwa kwa kuwa yaliweza kusimama na kuondoka mara nyingi bila taabu, na kwa kuwa hayakuwaamsha watu. Kilichosikika barabarani saa hizo hakikuwa mota bali chupa zilizogongana katika makreti. Chupa hizo zilitoa somo ambalo mafundi wa leo wamelazimika kujifunza upya: sauti kubwa ikiondolewa, ndogo hurithi mahali pake.

Gari la maziwa lilikwenda polepole, na hapakuwa na haja ya elimu kubwa ili kulitumia. Magari ya mizigo ya umeme ya siku hizi ni ya namna nyingine. Renault ilitoa Kangoo ya umeme mwaka 2011, Nissan ikatoa e-NV200 mwaka 2014, na Ford ikatoa E-Transit mwaka 2022. Magari ya jamii hiyo huenda mjini na katika njia kuu pia, hubeba mzigo ambao katika makubwa yao hufikia tani moja au zaidi, na dereva hukaa humo siku nzima ya kazi. Kwa hiyo swali la kelele limekuwa swali la afya ya mtu na la faida ya biashara kwa pamoja. Makala haya yaeleza jinsi hesabu ya sauti ifanywavyo kabla gari halijaundwa, na kwa nini hesabu hiyo ni bora kuliko kulijaza gari vizuizi vya sauti baada ya kuundwa.

MAJINA YA KELELE

Yafaa kuanza na majina, kwani jina zuri huonyesha njia ya dawa. Sauti ni neno la jumla, nalo halina lawama. Kelele ni sauti isiyotakiwa. Hukumu ya msikilizaji imo ndani ya neno lenyewe. Chini ya kelele Kiswahili kina maneno mengi yaliyo mahususi, na manne kati ya hayo yatosha kwa kazi hii.

Mvumo ni sauti nzito kama ya bahari isikiwayo kwa mbali au ya ngoma kubwa. Mtu huisikia kifuani kama aisikiavyo masikioni. Mngurumo ni sauti nzito iliyokwaruzika, isiyo na noti moja, kama ya radi inayotembea. Ndiyo sauti ya tairi juu ya lami mbaya. Mlio mwembamba ni sauti ya noti moja ya juu, kama ya mbu aliye karibu na sikio. Mgongano ni sauti fupi ya vitu viwili vinavyokutana: mlango na fremu yake, mnyororo na ukuta, kreti na kreti.

Maneno haya si mapambo. Kila moja lina chanzo chake, kima chake cha mitetemo, na hesabu yake. Fundi aambiwaye tu kwamba gari lina kelele hajaambiwa kitu. Aambiwaye kwamba linavuma likiwa tupu na huacha kuvuma likipakiwa, amekwisha kupewa nusu ya jibu.

KWA NINI INJINI ILIFICHA

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki kina tabia ambayo humkosesha asiyeizoea. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Kelele mbili zilizo sawa, kila moja desibeli 70, zikiungana hazifanyi 140 bali 73. Tena kelele ya desibeli 70 ikiungana na nyingine ya 60, jumla yake ni 70.4 tu. Maana yake ni kwamba ile ya 60 haikuongeza chochote ambacho sikio lingeweza kukitambua. Ikiwa injini ndiyo ya 70, na mota, tairi na bati zina 60, hakuna aliyezijali. Siku injini ilipotoka, jumla ilishuka, na zile za 60 zikabaki peke yao uwanjani.

Zaidi ya hayo, sauti nzito huifunika nyembamba kwa wepesi kuliko nyembamba iifunikavyo nzito. Injini ya silinda nne, ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, hulipua mafuta mara 80 kwa sekunde. Hiyo ni sauti nzito, na pazia lake lilikuwa pana. Mota ya umeme hutoa sauti nyingine kabisa. Mota ya Nissan Leaf, ambayo mtambo wake wa umeme ndio uliotumiwa katika e-NV200, ina ncha 8 za sumaku na mifuo 48 ya nyaya. Kila mzunguko mmoja wa mota ya namna hiyo huwa na misukumo midogo 48. Ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde, misukumo hiyo ni 1,200 kwa sekunde. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ni 4,800.

Sikio la mwanadamu husikia tangu mitetemo 20 hivi kwa sekunde hadi 20,000, lakini ukali wake ni mkubwa zaidi kati ya 2,000 na 5,000. Mota, kwa bahati mbaya, hupigia filimbi yake mahali hapo hapo. Meno ya giya nayo huongeza ya kwao: giya yenye meno 20 izungukayo mara 100 kwa sekunde hulia kwa mitetemo 2,000. Kwa hiyo mlio mwembamba waweza kuudhi hata ukiwa na desibeli chache, kwa kuwa ni noti moja iliyo peke yake, nayo hupanda na kushuka kila dereva akanyagapo na kuachia. Kipimo cha desibeli peke yake hakitoshi kueleza maudhi hayo.

SANDUKU NA SAUTI YAKE

Gari la abiria lina viti, mazulia na vitambaa, navyo hunywa sauti. Gari la mizigo lina sanduku la bati. Kuta zake ni nyembamba, aghalabu chini ya milimita moja, na ndani hamna kitu laini. Sanduku hilo ni ala ya muziki ambayo hakuna aliyekusudia kuiunda.

Chukuliwe sanduku lenye urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.7 na kimo cha mita 1.9. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 343 hivi kwa sekunde. Hewa iliyofungiwa humo ina noti zake za asili, na ya kwanza hupatikana kwa kugawa mwendo wa sauti kwa urefu wa sanduku uliozidishwa mara mbili: jibu ni mitetemo 50 kwa sekunde. Noti ya kimo ni 90, na ya upana ni 101. Mashimo ya barabara, springi na matairi yakitoa msukumo wenye mitetemo 50, hewa yote ya sanduku huitikia kwa pamoja, na huo ndio mvumo.

Mvumo huu una ramani yake. Katika noti ya kwanza msukumo wa hewa ni mkubwa kwenye ncha mbili za sanduku, na katikati haupo kabisa. Mtu angeweza kusimama katikati asisikie noti hiyo. Lakini dereva hakai katikati. Yeye hukaa mbele, na ukuta umtengao na mzigo upo kwenye ncha hasa, palipo na nguvu. Ukuta huo ukiwa bati jembamba, huwa kama ngozi ya ngoma iliyowambwa nyuma ya kichwa chake.

Mzigo nao hubadili mambo. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alipewa kazi ya kutibu ukumbi wa mihadhara ambao maneno ya mwalimu hayakusikika vizuri kwa sababu ya mwangwi. Alileta mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga kidogo kidogo, akapima sauti ilidumu muda gani baada ya filimbi ya kinanda kunyamazishwa. Kutokana na mito hiyo alipata kanuni itumiwayo hata leo: muda wa mwangwi huongezeka kadiri chumba kilivyo kikubwa, na hupungua kadiri vitu vinywavyo sauti vilivyo vingi. Kanuni hiyo ikitumiwa kwa sanduku lililotajwa, na ikichukuliwa kwamba bati hunywa sehemu 5 tu katika kila 100 za sauti, mwangwi hudumu zaidi ya sekunde moja. Katoni na vifurushi vikiingia, hupungua mara kadhaa. Ndiyo maana gari lile lile lapiga kelele jioni likirudi tupu kuliko asubuhi liondokapo na shehena.

KIELELEZO CHA HESABU

Zamani fundi aliunda gari kwanza, akalisikiliza, kisha akatafuta dawa. Siku hizi gari huundwa kwanza kwa namba ndani ya kompyuta, na gari hilo la namba ndilo liitwalo kielelezo. Msingi wake ni wa kale: Lord Rayleigh alichapa kitabu chake kikubwa cha elimu ya sauti kuanzia mwaka 1877, na milinganyo ya mtetemo iliyomo ingali ikitumika. Kilichokosekana ni njia ya kuitatua milinganyo hiyo kwa kitu chenye umbo gumu kama gari.

Njia hiyo ni kukata. Hewa ya sanduku na bati la kuta hukatwa katika vipande vidogo, kila kipande kikaandikiwa mlinganyo mwepesi, na milinganyo yote ikatatuliwa kwa pamoja. Richard Courant alieleza wazo la namna hiyo mwaka 1943, na mwaka 1960 Ray Clough aliipa njia hii jina ijulikanalo nalo duniani. Ili jibu liaminike, mafundi hupenda wimbi moja la sauti lienee katika vipande visivyopungua sita.

Sharti hilo laonekana dogo, lakini humfunga mwenye hesabu. Kwa mitetemo 100 kwa sekunde, wimbi lina urefu wa mita 3.4, na kipande chaweza kuwa na upana wa sentimita 57. Hewa ya sanduku lote, mita za ujazo 11, yatosha kwa vipande 60. Kwa mitetemo 1,000, vipande hufika 59,000. Kwa mitetemo 5,000, ambako mota hulia, ni zaidi ya milioni saba, nayo ni hewa peke yake, bati bado. Noti za asili za sanduku nazo huongezeka vivyo hivyo: chini ya mitetemo 100 kwa sekunde zipo mbili tu, na chini ya 1,000 ni zaidi ya elfu moja.

Noti zikiwa mbili, kila moja yastahili kujulikana kwa jina. Zikiwa elfu, hakuna faida ya kuzijua moja moja, kwani sanduku likizidi au likipungua milimita chache zote hubadilika. Hapo huja njia ya pili, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Richard Lyon na Preston Smith nchini Marekani, wakati wataalamu walipotaka kujua kelele za roketi zingefanya nini kwa vyombo vilivyobebwa ndani yake. Katika njia hii hesabu haifuati wimbi bali nishati, na kwa wastani. Gari hugawanywa katika mitungi michache: mtungi wa hewa ya sanduku, wa paa, wa ukuta, wa sakafu, wa kebini. Kila mtungi hupokea nishati, huvujisha nyingine kwa jirani yake, na hupoteza nyingine kwa joto. Mwenye hesabu hutafuta kimo cha maji katika kila mtungi. Kwa hiyo mvumo huhesabiwa kwa njia ya vipande, na mlio mwembamba kwa njia ya mitungi. Kati ya njia hizo mbili kuna eneo ambalo sharti zisaidiane.

Kielelezo kikiisha kujengwa, huulizwa maswali matatu. Chanzo ni nini? Njia ni ipi? Mpokeaji yuko wapi? Sauti ya mota yaweza kumfikia dereva kwa hewa, kupitia tundu la waya sakafuni. Au yaweza kupita katika chuma, kutoka mota hadi raba za kuishikilia, hadi chesisi, hadi bati, na bati ndilo liisemayo kebini. Njia hizi mbili hutaka dawa mbili, na dawa ya moja haifai kwa nyingine. Anayeziba tundu wakati sauti yapita katika chuma amepoteza raba na gundi.

BEI YA UKIMYA NI UZITO

Mtu aweza kuuliza: kwa nini taabu yote hii? Si ingetosha kuongeza unene wa bati? Jibu limo katika mizani.

Ukuta mzito huzuia sauti kuliko mwepesi, na kanuni yake ni kwamba uzito ukiongezwa mara mbili, kizuizi huongezeka kwa desibeli 6 hivi. Bati la chuma la milimita 0.8 lina uzito wa kilo 6.2 kwa mita moja ya eneo. Kuta mbili za ubavuni na paa la sanduku lililotajwa zina eneo la mita 18.7. Kuongeza uzito wake mara mbili ni kuongeza kilo 117. Kwa gari libebalo tani moja, hiyo ni zaidi ya sehemu moja katika kumi ya mzigo wake, iliyotolewa kwa ajili ya desibeli 6, na kila siku ya maisha ya gari betri italipa umeme wa kuibeba.

Sheria nayo huibana mizani. Leseni ya kawaida ya udereva barani Ulaya ilihusu gari lisilozidi kilo 3,500 pamoja na mzigo. Kwa kuwa betri ni nzito, mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliziruhusu nchi wanachama kuwaachia wenye leseni hiyo kuendesha magari ya mizigo ya nishati mbadala hadi kilo 4,250, kwa sharti kwamba uzito wa ziada uwe umetokana na mtambo wa nishati hiyo tu. Betri ilisamehewa; bati la kuzuia kelele halikusamehewa. Kila kilo ya ukimya bado huchukuliwa kutoka kwa mzigo.

Hapa ndipo thamani ya kielelezo hudhihirika. Hakiondoi kelele hata moja kwa nguvu zake, bali huonyesha mahali ambapo kilo moja itafanya kazi ya kilo kumi. Bati la ukuta halitetemi sawasawa. Lina mahali lipindapo sana na mahali lisipopinda. Utando wa lami na karatasi ya bati ukibandikwa pale lipindapo hula nishati. Ukibandikwa kwingine ni uzito mtupu. Paa ambalo noti yake yalingana na noti ya hewa ya sanduku laweza kutiwa mbavu mbili tatu likakaza, noti yake ikapanda, na ule urafiki wa paa na hewa ukavunjika. Mpiga ngoma alifanyaye jambo hili anapoiota ngoma moto ili ngozi ikaze, hufanya kwa kusudi la kupata noti. Fundi wa gari hukusudia kuikimbia. Naye hana budi kuangalia noti isikimbie hewa ya sanduku ikaangukia kwenye tairi, kwani hewa iliyo ndani ya tairi la gari la mizigo nayo huvuma, karibu na mitetemo 200 kwa sekunde.

Sponji ina kazi yake na mpaka wake. Ili inywe sauti vizuri, unene wake hutakiwa ukaribie robo ya wimbi. Kwa mitetemo 1,000 hiyo ni sentimita 8.6, na kwa ile ya juu zaidi ni chini ya hapo. Sponji yafaa kwa mlio mwembamba. Kwa mvumo wa mitetemo 50, robo ya wimbi ni mita 1.7, na sponji hiyo ingechukua nusu ya sanduku. Mwenye kutibu mvumo kwa sponji anamtibu mgonjwa wa mguu kwa dawa ya macho.

Tundu nalo halidharauliwi. Ukuta ukiachwa wazi kwa sehemu moja tu katika mia ya eneo lake, kizuizi chake hakiwezi kuzidi desibeli 20, hata ukuta wenyewe ukiwa wa chuma kinene. Raba ya kuziba nafasi ya nyaya, yenye uzito wa gramu chache, yaweza kuokoa kazi ya kilo nyingi za bati.

Dawa iliyo bora kuliko zote ni ile ipunguzayo kelele mahali izaliwapo. Sumaku za mota zikipangwa kwa kupishana kidogo, hatua kwa hatua, badala ya mstari mmoja, ile misukumo 48 haifiki kwa wakati mmoja na hudhoofishana. Meno ya giya yakisagwa umbo lake kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, hupokezana mzigo bila kugonga. Dawa hizi haziongezi mzigo, lakini sharti zijulikane mapema, kabla mota haijaundwa. Na kujua mapema hakuwezekani bila hesabu.

HESABU NA GARI LA KWELI

Kielelezo si gari. Raba hubadilika kwa joto na kwa umri. Gundi haienei sawasawa. Bolti moja hukazwa kuliko nyingine. Na magari mawili yaliyotoka kiwanda kimoja siku moja hayalii sawa. Kwa hiyo hesabu hupimwa kwa gari la mfano. Fundi hugonga chesisi kwa nyundo ndogo yenye kipima nguvu, na maikrofoni iliyowekwa mahali pa masikio ya dereva huandika jibu.

Pengine hakuna nafasi ya kupiga nyundo, kwa kuwa mota imejificha kati ya vyuma. Hapo hutumiwa kanuni ambayo Rayleigh aliieleza mwaka 1873: katika mambo ya mtetemo, njia ya kwenda na njia ya kurudi ni sawa. Badala ya kugonga penye mota na kusikiliza penye dereva, fundi huweka spika mahali pa kichwa cha dereva na kupima mtetemo penye mota. Jibu ni lile lile. Baada ya hapo namba za raba na gundi katika kielelezo husahihishwa mpaka gari la namba na gari la chuma vikaribiane, na ndipo kielelezo huaminiwa kwa mambo ambayo hayajajaribiwa: sanduku lenye rafu, lenye nusu ya mzigo, au lisilo na ukuta wa kati.

Migongano ndiyo ihesabikayo kwa shida kuliko zote. Mlango uliolegea leo hukazwa kesho; mnyororo hufungwa au huachwa; kreti hupangwa vizuri na mpakiaji mmoja na vibaya na mwingine. Hapa elimu ya hesabu humwachia nafasi mwenye gari na spana yake.

NJE YA GARI

Kupunguza kelele si jambo la ndani pekee, na nje lina pande mbili zinazovutana. Upande mmoja ni usingizi wa watu. Nchini Uholanzi kanuni zilizotungwa mwishoni mwa miaka ya 1990 ziliweka mpaka kwa kelele za kupakia na kupakua mizigo madukani: desibeli 65 kati ya saa moja jioni na saa tano usiku, na 60 tangu saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, zikipimwa umbali wa mita 7.5. Kanuni hizo ziliwahesabu pamoja lori, mlango, jukwaa la kushushia na toroli. Gari la umeme husaidia sana hapo, lakini mlango ubamizwao waweza kuvunja kanuni ambayo mota imeitii.

Upande wa pili ni usalama wa mwenye kutembea, hasa kipofu aitegemeaye sauti kuvuka njia. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni mwaka 2014, na kwa kanuni hiyo kila gari jipya la umeme, tangu Julai 2021, hutakiwa kutoa sauti ya onyo liendapo polepole, hadi mwendo wa kilomita 20 kwa saa, na pia lirudipo nyuma. Sauti hiyo haipungui desibeli 56 kwa mwendo wa kilomita 20 wala haizidi 75. Hivyo fundi yule yule aliyefanya kila hila kulinyamazisha gari huamriwa kulipa sauti. Wala hakuna kinyume hapo. Onyo ni sauti itakiwayo, na kwa hiyo si kelele. Kielelezo hutumika tena, kuhakikisha kwamba spika ya mbele yasikika kwa mtu aliye njiani na haimwimbii dereva siku nzima.

Mambo haya yamekaribia pwani na bara ya Afrika Mashariki. Mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022, na magari ya mizigo hayataachwa nyuma. Katika njia za changarawe mngurumo na migongano itakuwa mikubwa kuliko ile ya lami ya Ulaya, na hesabu iliyofanywa kwa lami haitatosha. Dereva atakayesema tu kwamba gari lina kelele atajibiwa kwa kubandikiwa sponji. Atakayesema kwamba linavuma likiwa tupu, au linalia kwa noti moja likipanda mlima, au linagonga upande wa kushoto likiingia shimoni, atakuwa amefanya sehemu ya kwanza ya hesabu kwa lugha yake mwenyewe.